Traki za Machame zimejaa miruko na viota: programu huria ipi ya kuzisafishia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame. Nina faili za GPX (rekodi za njia nilizopita na GPS) zipatazo 40. Nyingine zimetoka kwenye simu yangu (natumia programu ya ramani ya OsmAnd), nyingine kwenye kifaa cha GPS cha Garmin cha zamani. Nikizifungua naona mistari inayoruka hovyo, kambini pamechorwachorwa kama kiota cha ndege, mwinuko haueleweki, na usiku wa kupanda kileleni umekatika katikati. Nataka kila siku iwe na traki yake safi, na nyingine ya safari nzima, niwape wageni na wenzangu. Laptopu yangu ni ya Windows, RAM GB 4, na intaneti ni ya bando. Programu huria ipi itanifaa? Kuna mtu ameniambia nitumie JOSM.

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kazi hiyo na laptopu hiyo pakua programu mbili: GpsPrune kwa usafi wa macho na mkono, na GPSBabel kwa yale ya kurudiarudia kwenye faili nyingi. Zote mbili ni huria chini ya leseni ya GPL, hazilemei mashine, na zikishaingia kwenye kompyuta zinaendelea kufanya kazi hata bando likiisha. JOSM iweke pembeni; sababu yake nitaieleza huko chini.

Kwanza tengeneza folda uiite "asili", tia humo faili zote 40, kisha bofya kulia kwenye kila moja na uiwekee alama ya kusomwa tu. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Nukta iliyofutwa na kuhifadhiwa hairudi, na hakuna programu itakayokukisia ulipita wapi.

Sasa fungua nakala moja kwa Notepad. Utakuta maelfu ya vipande vya namna hii:

```
<trkpt lat="-3.101245" lon="37.378310">
  <ele>4667.2</ele>
  <time>2024-02-10T21:04:35Z</time>
</trkpt>
```

Hiyo ni nukta moja, maeneo ya kambi ya Barafu. Latitudo ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Desimali sita ni sawa na sentimita 11 ardhini, ilhali simu nzuri mahali peupe hukosea mita 3 hadi 5. Programu inayoandika desimali kumi inakuongezea uzito wa faili tu. `ele` ni mwinuko kwa mita. `time` ni muda, na ile Z ya mwisho inasema kwamba ni saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nukta hufungwa pamoja ndani ya `trkseg`, yaani kipande, na vipande hufungwa ndani ya `trk`, ambayo ndiyo traki yenyewe. Mpaka kati ya kipande na kipande una maana yake: hapa kurekodi kulikatika, usichore mstari.

Mimi programu za kazi hii nazipimia hapo. Kabla ya kuhesabu vitufe vyake, natazama inavifanyia nini vitu ambavyo sikuiagiza iviguse. Zipo zinazofungua faili vizuri na kuonyesha ramani ya kuvutia, halafu zikihifadhi zinafuta muda wa nukta zote, au zinaunga vipande vyote kuwa mstari mmoja, au zinafuta mapigo ya moyo ya mgeni aliyetembea na saa ya mkononi. Hutagundua mpaka siku unapoihitaji ile data. Kwa hiyo kila programu unayoambiwa ni nzuri, ipe jaribio hili: fungua faili, usiguse chochote, ihifadhi kwa jina jingine. Kisha fungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda hiyo uhesabu:

```
find /c "<trkpt" siku1.gpx
find /c "<trkpt" siku1_mpya.gpx
```

Rudia kwa `"<trkseg"` na kwa `"<time>"`. Namba zikilingana, programu hiyo ni mwaminifu. Amri hii huhesabu mistari, hivyo faili iliyoandikwa yote kwenye mstari mmoja itakujibu 1. Hiyo ipitishe kwanza kwenye GPSBabel, ambayo huandika kila nukta kwenye mstari wake.

GpsPrune ina jambo moja la kuangalia hapa. Ukihifadhi GPX, dirisha lake lina visanduku vya kutia tiki: kimoja cha muda, kingine kimeandikwa "Copy source xml", ambacho hunakili maandishi ya awali ya kila nukta pamoja na ziada zake. Vitie tiki vyote viwili. Vipande inavitunza, ila huviweka vyote ndani ya traki moja. Ukifungua faili yenye traki sita zenye majina, zitatoka moja. Ndiyo maana usafi unafanywa siku kwa siku, na kuunganisha kunaachiwa GPSBabel mwishoni. Kwa upande wake, ukitaka mapigo ya moyo yaandikwe kwenye faili mpya, GPSBabel inataka uiambie kwa kuandika `-o gpx,garminextensions` badala ya `-o gpx`.

Kuianza GpsPrune

Ni faili moja ndogo ya jar, nayo inahitaji Java iwe imeingizwa kwenye kompyuta; OpenJDK, ambayo ni Java huria, inatosha. Ianzishe kwa `java -Xmx512m -jar gpsprune.jar` (jina la faili uliyopakua litakuwa na namba ya toleo), ili ipate kumbukumbu ya kutosha bila kuila laptopu yote. Nukta moja kila sekunde kwa mwendo wa saa sita ni nukta 21,600, sawa na MB 2.5 hivi. Hilo kwake si tatizo. Tatizo ni kumpa faili zote 40 kwa mpigo. Ukifungua faili ya pili itakuuliza kama uongeze data juu ya ile iliyopo. Jibu hapana, la sivyo utakuwa unasafisha siku ya kwanza huku siku ya pili imelala juu yake.

Miruko

Mstari unaoruka pembeni na kurudi hutokana na mawimbi ya setilaiti kugonga mwamba au miti mikubwa kabla ya kufika kwenye simu, ndiyo maana utaiona miruko sana msituni siku ya kwanza na kwenye ukuta wa Barranco. Chanzo kingine ni kuanza kurekodi kabla kifaa hakijazipata setilaiti zake. Nukta za mwanzo hutua mbali, wakati mwingine kilomita nzima.

Dalili yake haipo kwenye ramani peke yake, ipo kwenye kasi. Mtu wa pole pole anatembea kilomita 1 hadi 3 kwa saa. Nukta iliyoruka mita 80 kwa sekunde moja inasomeka kilomita 288 kwa saa. Kwenye GpsPrune, bofya kulia kwenye mchoro ulio chini ya ramani, badilisha kutoka mwinuko kwenda kasi, na miruko yote itasimama kama mishale. Bofya mshale, nukta yake inachaguliwa kwenye ramani, ifute. Mshale mwingine, vivyo hivyo. Faili moja itakuchukua dakika kumi, na kwa ukweli sioni njia ya mkato inayoshinda jicho la mtu aliyepita pale kwa miguu yake. Ukikosea, programu inarudisha nyuma hatua baada ya hatua.

Kwenye menyu ya kupunguza nukta kuna kigezo cha "Wacky points" kinachotafuta nukta zilizoruka mbali na jirani zake. Kinafaa kama msaidizi. Chenyewe hutia alama tu, hakifuti mpaka ubofye kufuta zilizotiwa alama, kwa hiyo una nafasi ya kuangalia kabla ya kukubali.

Faili za OsmAnd zina faida ya ziada: kila nukta ina `hdop`. Kwa kawaida namba hiyo hueleza mpangilio wa setilaiti angani, lakini OsmAnd huandika humo usahihi uliokadiriwa na simu kwa mita. Basi amri hii huondoa nukta zote ambazo simu yenyewe ilikiri kukosea zaidi ya mita 20:

```
gpsbabel -i gpx -f siku1.gpx -x discard,hdop=20 -o gpx -F siku1_b.gpx
```

Usianze na 5. Msituni utabaki na mashimo. Kwenye faili za Garmin amri hii mara nyingi haitagusa kitu, maana namba hiyo haimo.

Viota vya kambini

Simu ikiwa imetulia mezani, GPS haitulii. Kila sekunde inakadiria upya, na kila kadirio linasogea kidogo. Chukua mapumziko ya chakula ya nusu saa: sekunde 1,800, kila moja ikisogea nusu mita, ni mita 900 ambazo hakuna aliyetembea. Ukisahau kuzima kurekodi usiku kambini, kilomita za siku hiyo hazina maana tena.

Hapa vichujio havisaidii sana, kwa sababu kiota kina upana wa mita 10 au 20 na mashine hudhani unazungukazunguka kweli. Kwa mkono ni rahisi: chagua nukta ya kwanza ya kiota uifanye mwanzo wa masafa, ya mwisho uifanye mwisho, kisha sogeza mwanzo mbele nukta moja na mwisho nyuma nukta moja, ufute kilicho katikati. Ukiacha zile mbili za pembeni, mtu akisoma traki baadaye bado ataona kwamba mlisimama dakika 30, na muda wa siku nzima hautapungua.

Usiku uliokatika

Hili lako lina sababu mbili zinazopandana. Wageni huondoka Barafu karibu na saa sita usiku. Kwa UTC hiyo ni saa 21:00 ya tarehe iliyotangulia. Programu inayogawa siku kwa UTC itaikata safari yenu saa tisa usiku, mkiwa nusu ya mlima. Kwa hiyo usiikate kwa tarehe, ikate kwa saa unazozijua:

```
gpsbabel -t -i gpx -f usiku.gpx -x track,start=20240210203000,stop=20240211150000 -o gpx -F kilele.gpx
```

Namba hizo ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, zote kwa UTC. Kutoka saa yetu ya Kiswahili hesabu yake ni nyepesi: saa ya mchana ongeza 3, saa ya usiku ongeza 15, na saa kumi na mbili ihesabu kama sufuri. Saa mbili asubuhi inakuwa 05:00. Saa sita usiku inakuwa 21:00 ya tarehe ya jana yake. Ukipata 24 au zaidi ondoa 24: saa kumi alfajiri ni 25, yaani 01:00. Kama kipande kimoja kiko kwenye faili nyingine, weka zote mbili kwenye amri ileile kwa kurudia `-f`, na uongeze `pack` baada ya `track,`.

Sababu ya pili inahusu ile Garmin ya zamani. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa namba inayorudi sufuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilirudi Aprili 2019. Vifaa vya zamani visivyopata programu mpya vikaanza kuandika tarehe za miaka 19 na miezi kadhaa nyuma. Ukiona safari ya 2024 imeandikwa 2004, nukta zako ni nzima. Tarehe tu ndiyo imepotoka. Wiki 1,024 ni siku 7,168, basi:

```
gpsbabel -t -i gpx -f garmin3.gpx -x track,move=+7168d -o gpx -F garmin3_b.gpx
```

Fanya hili kabla ya kuunganisha chochote. Kinyume chake, siku ya Garmin itapangwa mwanzo wa safari nzima.

Mwinuko

Kuna makosa mawili hapa, na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni la kimo kizima kuwa juu au chini kwa kiasi kilekile. Simu za Android kwa kawaida hutoa kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, wala si kutoka usawa wa bahari. Kwetu Afrika Mashariki usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo: kileleni Uhuru tofauti ni kama mita 16, na ufukweni Dar es Salaam inapita 20, ndiyo maana simu inaweza kukuambia uko chini ya bahari ukiwa umesimama mchangani. Una alama nzuri ya kupimia: bango la Uhuru, mita 5,895. Kama traki yako inaonyesha 5,879 ukiwa pale, na siku nyingine vilevile, ongeza mita 16 kwa nukta zote; GpsPrune ina kazi ya kuongeza mwinuko kwa kiasi maalumu. Kwa safari zijazo, OsmAnd ina faili ya kusahihisha mwinuko ya dunia nzima ndani ya orodha yake ya kupakua. Ipakue mara moja.

Kosa la pili ni mtetemo. Kimo cha GPS hupanda na kushuka mita kadhaa hata ukiwa umekaa, na programu inayojumlisha kila kupanda hukuletea jumla ya ajabu. Barafu hadi Uhuru ni kupanda kama mita 1,230. Ukiona 2,000, huo ni mtetemo umehesabiwa kama ngazi.

Dawa moja ni kubadilisha mwinuko wote kwa data ya SRTM, yaani vimo vya ardhi vilivyopimwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. GpsPrune inaweza kuipakua na kuiweka kwenye diski, fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi. Faili zake huitwa kwa kona ya kusini-magharibi ya mraba wa digrii moja, na hapa watu wengi hujikwaa: Kibo iko latitudo −3.07, lakini faili yake ni `S04E037.hgt`, kwa sababu mraba wake unaanzia −4 kwenda −3. Ukiitafuta S03E037 utapata ardhi iliyo kaskazini ya mlima. Angalia pia ukubwa: faili ya mita 30 ina baiti 25,934,402, ya mita 90 ina 2,884,802. Ikiwa na namba nyingine yoyote, upakuaji ulikatika.

Halafu jambo ambalo huwafanya wengi waseme kwamba kazi hii haifanyi kitu: GpsPrune huweka SRTM kwenye nukta zisizo na mwinuko. Zenye mwinuko, hata mbovu, haizigusi. Kwa hiyo kwanza futa thamani za mwinuko kwa "Delete field values", ndipo uite SRTM.

Ila usiitumie kila mahali. Kila kisanduku cha SRTM kina upana wa mita 30, au 90 kwa ile faili ndogo. Kwenye tambarare ya Shira hilo halina neno. Kwenye ukuta wa Barranco, nukta ikikosea mita 10 pembeni inaweza kuruka kutoka juu ya mwamba hadi chini yake, na utapata ngazi ambazo hazipo. Kama Garmin yako ina baromita (kipima mgandamizo wa hewa), mwinuko wake kwa siku hiyo ni bora kuliko SRTM. Uache, usahihishe kimo kizima tu.

Kupunguza nukta, na kwa nini si mwanzoni

Watu hupenda kuanza na hili kwa sababu faili ni kubwa. Lakini vichujio hivi hutunza nukta zilizotoka nje ya mstari na kutupa zilizo kwenye mstari, maana kwake kutoka nje ya mstari ni kona ya njia. Mruko ndio uliotoka nje kuliko zote. Ukipunguza kabla ya kusafisha, unatupa nukta nzuri zilizouzunguka na kuutunza mruko wenyewe, na ile dalili ya kasi nayo inazama, kwa kuwa sasa umbali ni mkubwa lakini na muda kati ya nukta ni mrefu. Safisha kwanza. Andika pia kilomita na jumla ya kupanda kabla ya kupunguza, kwa sababu zote mbili zitashuka kidogo.

```
gpsbabel -i gpx -f siku1_safi.gpx -x simplify,crosstrack,error=0.003k -o gpx -F siku1_nyepesi.gpx
```

Hiyo `0.003k` ni kilomita, yaani mita 3; ukisahau herufi k, itasomwa kama maili. Kwa njia ya miguu mita 3 inatosha, haipotezi kona yoyote ambayo GPS iliijua. GpsPrune nayo hupunguza kwa njia ya Douglas na Peucker, ya mwaka 1973, lakini namba unayoijaza pale si mita. Tazama idadi ya nukta zitakazoondoka inayoonyeshwa dirishani, na uirekebishe kwa kuangalia ramani.

Ili usirudie amri mara 40, tengeneza kwanza folda iitwayo "nyepesi", kisha:

```
for %f in (*.gpx) do gpsbabel -i gpx -f "%f" -x simplify,crosstrack,error=0.003k -o gpx -F "nyepesi\%f"
```

Ukiiandika ndani ya faili ya .bat, kila `%f` iwe `%%f`. Windows ikisema haiijui gpsbabel, andika njia yake kamili ndani ya alama za kunukuu.

Safari nzima

Faili moja yenye siku zote, kila siku ikibaki na jina lake, haihitaji kichujio. Orodhesha tu faili kwa mpangilio, `-f siku1.gpx -f siku2.gpx` na kuendelea, kisha `-o gpx -F safari.gpx`. Ukitaka mstari mmoja, ongeza `-x track,pack`. Ikikataa na kulalamika kwamba traki zinapishana kwa muda, maana yake kuna siku imerekodiwa mara mbili, pengine simu na Garmin zote zilikuwa zinafanya kazi. Usikimbilie kuandika `merge` badala ya `pack`. Yenyewe itapanga nukta zote kwa saa: moja ya simu, moja ya Garmin, moja ya simu, na mstari utakuwa meno ya msumeno kutoka kifaa hadi kifaa. Chagua rekodi moja ya siku hiyo, nyingine iache folda ya asili.

Hizo nyingine

JOSM ni programu bora ya kuchora OpenStreetMap. Kwake traki ni karatasi ya kufuatishia, wala si kitu cha kuhaririwa; ili ufute nukta unalazimika kuigeuza kuwa data ya ramani, na hapo uko hatua moja tu kutoka kupakia mkwaruzo wako kwenye ramani ya watu wote. Ukitaka kuchangia njia, pakia GPX yenyewe kwenye tovuti ya OpenStreetMap ikiwa na muda wake.

QMapShack ni ya kuzingatia kama unataka ramani za Garmin nje ya mtandao na vichujio vya kina. Kile cha kulainisha mwinuko ni kizuri kuliko chochote nilichotaja. Inachukua muda kuizoea. Mtego wake: vichujio vyake huficha nukta, havifuti. Kwake traki inaonekana safi, lakini mwenzako akiifungua kwenye programu nyingine miruko imerudi yote. Kabla ya kumpa mtu, tumia kichujio cha kuondoa nukta zilizofichwa moja kwa moja.

Viking ni chaguo zuri la wenye Linux. Na gpx.studio, ambayo nayo ni huria, inafanya kazi ndani ya kivinjari hata cha simu. Kukata mwanzo na mwisho wa traki ni sekunde chache. Ila ramani zake hula bando, na ukiongeza nukta huku ufuataji wa njia umewashwa, itakuchorea njia ya ramani badala ya ile mliyopita. Uzime kwanza.

Ili mwakani kazi ipungue

Kwenye OsmAnd, mipangilio ya kurekodi safari, weka nukta kila sekunde 5, usahihi wa chini mita 20, na uiondoe OsmAnd kwenye orodha ya programu zinazozimwa na mfumo wa kubana betri. Ile mistari iliyonyooka kukatiza bonde mara nyingi ni simu iliyoilaza programu. Washa dakika tano kabla ya kuondoka getini, simu ikiwa mahali peupe. Usiku wa kilele ibebe mfuko wa juu wa koti la ndani: baridi huua betri, na mfuko wa suruali huficha anga.

Kabla ya kumtumia mgeni faili, kata mita 300 za mwanzo kama kurekodi kulianzia hotelini au nyumbani kwako, na kwa nakala ya kusambaza hadharani ondoa tiki ya muda kwenye GpsPrune, na ile ya "Copy source xml" pia. Itume kama hati, si ndani ya maandishi ya ujumbe, kisha ifungue kwenye simu ya mwenzako ikiwa imezimwa data. Traki ikichorwa juu ya ramani bila mtandao pale ofisini, na huko juu mlimani, Lava Tower, itachorwa.